Mkono wa Kwenye Boksi

Kaka yangu akisimama mbele ya watu husema alizaliwa jasiri. Mimi namjua. Tukiwa wadogo alinituma mimi kwanza chumbani nikawashe taa, kisha yeye ndiye aingie kifua mbele.

Acha nieleze ile mashine ya gemu inayompa sifa ilivyoanza, maana kila anayeisimulia anaanzia pale ambapo mimi sipo.

Yeye alikuwa na miaka kumi na moja, mimi tisa. Aliparamia ukuta wa jirani, akadondoka, mkono wa kulia ukavunjika. Walimfunga plasta ngumu nyeupe tangu juu ya kiwiko mpaka kwenye vidole. Nyumbani tulikuwa na mashine moja ya gemu, kuukuu, yenye kishikio kimoja, kile kidude cha vitufe cha kushika kwa mikono miwili. Kaka alililia gemu kuliko alivyoulilia mfupa. Basi nikakaa ubavuni pake. Yeye akaongoza kwa mkono wa kushoto, mimi nikabonyeza vitufe vya kulia. Yeye anakimbia, mimi naruka. Tukitumbukia shimoni, kila mmoja anamlaumu mwenzake. Wiki sita tulicheza hivyo, na sijawahi kupendana na mtu vile tena.

Baba alitupiga picha tukiwa sakafuni. Plasta inaning'inia kifuani mwa kaka, mimi niko upande wake wa kulia, kishikio katikati yetu. Kidole gumba changu kinaonekana vizuri, na kovu la pasi juu yake. Mama aliitundika picha hiyo sebuleni miaka yote.

Tulipokua, kaka alifungua kiwanda cha mashine za gemu. Usione neno kiwanda ukadhani makubwa: ghorofa moja, mafundi ishirini, lifti mbovu. Kazi yetu ilikuwa kuiga. Makampuni makubwa yakitoa kitu, baada ya miezi minane na sisi tunatoa kinachofanana nacho, cha bei rahisi, kinachopata moto kama jiko. Mimi nilibuni vishikio. Mafundi waliniita Dada Vitufe, na nilikuwa nimechoka kuiga vitufe vya watu.

Siku moja niliiondoa ile picha ukutani kwa mama, nikaiweka juu ya meza ya kaka.

"Tutengeneze hii," nikamwambia. "Kishikio cha vipande viwili. Wewe una chako, mimi nina changu. Mchezaji kwenye kioo ni mmoja, wanaomwendesha ni wawili. Mmoja miguu, mwenzake mikono."

"Hakuna aliyewahi kuuza kitu kama hicho."

"Ndiyo maana nakuambia."

"Hii ni pata potea, mdogo wangu. Tukikosea tunafunga milango, na hawa wote wanarudi nyumbani."

"Tukiendelea kuiga tutafunga vilevile, ila taratibu."

Aliitazama picha mpaka chai yake ikapoa. Kisha akapiga moyo konde, akasema tujitose.

Tulijitosa miaka miwili. Nilichonga vipande themanini na tatu kabla ya kupata umbo linalokaa mkononi bila kuuliza. Mchana mmoja nilimkuta fundi umeme na mama wa stoo, waliokuwa wamenuniana tangu mwaka uliopita, wamekaa benchi moja kila mmoja na kipande chake, wakifokeana "Ruka! Ruka basi!" huku machozi ya kicheko yakiwatoka. Nikajua tumepata.

Kisha ikaja wiki ya majaribio. Wiki hiyohiyo mama alifanyiwa upasuaji wa macho, na kwa kuwa mtoto wa kike ndiye anayejua njia ya hospitali, nilikwenda mimi. Nilikaa naye siku tatu. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha majaribio, na nilichokiona sitakisahau.

Chumba kile kina vibanda kumi na viwili. Kila kibanda kina kioo kimoja, fomu moja na kiti kimoja. Ndivyo gemu zinavyojaribiwa siku zote, mtu mmoja mmoja, na hakuna aliyefikiria mara mbili. Watu kumi na wawili walioitwa kutoka mtaani walikuwa wamekaa kila mtu peke yake, kipande huku kipande kule, wakihangaika na mashine iliyotengenezwa kwa watu wawili. Kwenye fomu waliandika: inachanganya. Mmoja aliandika: nani aliwaza hii?

Nilipanda ngazi mbiombio.

"Viti, kaka! Ongeza viti tu! Wakae wawiliwawili, turudie!"

"Wenye hisa wameshasoma majibu," akasema, na hakuniangalia. "Halafu, hebu ona."

Mezani pake palikuwa na vile vipande vyangu viwili vimefungwa pamoja kwa mpira wa nywele. Dada mmoja kwenye kibanda cha tisa alikuwa amechoka kuhangaika, akavifunga, akacheza peke yake. Akaandika: sasa safi.

"Tunaweka bano hapa katikati," kaka akasema. "Mtu anabandua akitaka, anabandika akitaka. Hicho ndicho kitu kipya."

"Hicho ni kishikio cha kawaida kilichokatwa."

"Watu siku hizi wanaishi peke yao, mdogo wangu."

Nilimwambia nitaacha kazi. Akanishika bega, akaniahidi kwamba ile picha itakuwa mbele ya boksi, sisi wawili, ili kila atakayenunua ajue kitu kile kilitoka wapi. Hilo likanilegeza. Nilikuwa nimeshapoteza mashine, nikataka angalau nibaki na picha. Nikalibuni lile bano mimi mwenyewe, na nikalibuni vizuri, pumbavu mimi.

Jumapili kabla ya kuanza kuuzwa, kaka alileta boksi la kwanza kwa mama. Tulikuwa sebuleni watu watatu. Mama alivaa miwani yake mipya, akaliweka boksi mapajani.

Mbele ya boksi palikuwa na mtoto mmoja wa kiume, sakafuni, peke yake, anacheza gemu kwa mikono miwili.

"Plasta yako iko wapi?" mama akauliza.

"Watu wa matangazo wameitoa, mama. Plasta inatia huzuni."

Mama akalisogeza boksi karibu na uso. Nikaona kidole chake kikitembea juu ya picha mpaka kwenye mkono wa kulia wa yule mtoto, kikasimama kwenye kovu. Waliniondoa mimi mzima, uso, gauni, magoti. Mkono wangu wakauacha, wakauunganisha na bega la kaka.

"Na mkono huu ni wa nani?"

Kaka alitazama boksi, akatazama zulia. Alikuwa na muda wa kutosha kusema kweli.

"Wangu," akasema.

Mama ndiye aliyelipaka dawa kovu lile, usiku na asubuhi. Alinitazama mimi, akamtazama mwanawe mwenye kiwanda. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa ingawa haikuwa na vumbi.

"Haya, ifungueni," akasema. "Nione mnavyocheza."

Nilisubiri aseme jingine.

Kaka aliiunganisha mashine na televisheni, akaketi sakafuni. Gemu ilipowaka, vidole vyake vikafanya bila yeye kuviambia: vikabandua bano, akabaki na kipande cha kushoto, akaninyooshea cha kulia.

"Njoo basi," akasema, na sauti ilikuwa ile ya miaka kumi na moja.

Moyo wangu ulikwenda, naapa. Mikono niliikunja.

"Cheza na ule wa kwenye boksi," nikamwambia.