Wekundu wa Bitiruti

Mwaka mzima Ostap aliona wekundu chooni, akausingizia mchuzi wa bitiruti wa mkewe, Paraska. Kila Paraska alipombembeleza akapimwe utumbo, alicheka: "Wewe mama, punguza bitiruti zako, nitapona!"

Leo hospitalini, kando ya kitanda cha Ostap, daktari amesema ile ilikuwa damu: saratani ya utumbo, na imeshafika kwenye ini. Ingegunduliwa mapema, wangeweza kuikata. Paraska akaegemea ukuta. Muuguzi akavua sweta lake, akamfunika mabega.

"Danylo, mwanangu, na wewe ukapimwe," Paraska akamwambia kijana wao.

"Mama, mimi siumwi popote."

"Baba yako naye alikuwa haumwi!" Akamng'ang'ania shati huku analia.

"Nikuandikishe?" muuguzi akamwuliza kijana kwa upole.

Danylo akamtazama baba yake kitandani. Kisha akaitikia kwa kichwa.