Kimo cha Bi Rizwana

Tangu mumewe Zain azikwe, Bi Rizwana alikuwa na jibu moja tu: sawa. Mama, nikuletee chai ya rangi au ya maziwa? Sawa. Shemeji, pikipiki ya marehemu tuiuze au tuiache? Sawa. Ukimwekea mtu mambo mawili achague akakujibu sawa, ujue hapo mbele yako hakuna mtu. Majirani wakamsifia subira. Subira gani, jamani! Alikuwa amekufa ganzi, na ganzi ukiitazama kwa mbali inafanana sana na subira.

Yeye na mumewe walikuwa na karakana ya ushonaji mjini Morogoro, mtaa wa nyuma ya soko. Walikuwa Waislamu wa asili ya Kihindi, na babu zao wamelala makaburi ya hapohapo. Walishona sare za shule, majoho ya mahafali na suti za maharusi. Zain alikuwa mkataji. Rizwana alichora chaki, akapiga pasi, akamalizia vifungo. Kwenye cherehani alikaa Rosa, mwanamke wa Mkuyuni mwenye mdomo mwepesi kuliko sindano yake. Na asikudanganye mtu, katika ushonaji mkataji ndiye mwenye nyumba. Mshono ukienda kombo utafumuliwa, lakini kitambaa kikishakatwa vibaya, umlilie nani?

Sasa, Zain alikuwa mrefu. Si urefu wa kawaida huu, alikuwa mrefu wa kuinamia kila mlango. Rizwana alikuwa mfupi. Na meza ya kukatia ilikuwa moja. Ugomvi wa ndoa yao nzima ulikaa juu ya meza ile. Waliwahi kuipunguza miguu, Zain akatembea kashika kiuno kama mjamzito wa miezi tisa. Wakaitilia matofali, mabega ya Rizwana yakapanda hadi masikioni. Mwisho meza ikabaki kwenye kimo cha Zain, na Rizwana akapindua kreti tupu la soda upande wake wa meza, akawa anafanyia kazi zake juu ya kreti. Miaka ikapita, akalizoea. Watu wote wakalizoea, mume akiwa wa kwanza.

Lakini Zain hakuwa mtu mbaya, na jambo lile lilikuwa linamkera moyoni. Mwaka wake wa mwisho alikwenda mtaa wa Mafiga kwa Halidi, fundi wa chuma na mbao.

"Nataka meza ya kupanda na kushuka," akamwambia. "Nikisimama mimi ipande, akisimama mama ishuke. Na isiwe ya kuita vijana wanne waje kunyanyua. Aishushe kwa mkono mmoja, mkono wa pili kashika chaki."

Halidi, ambaye kwao ni Mlali, ni mpole wa maneno ila kwa vitu ni mbishi kupindukia. Kwanza alitoboa matundu kwenye miguu ya meza, ya kupitishia pini. Zain alipoijaribu alicheka mpaka akakaa chini: ukiinua upande huu, ule unazama, na pini zote zinakungoja. Halidi akatia jeki ya gari katikati. Ikapanda, ndiyo, lakini kwa mwendo wa kumsinzisha mteja, na mkasi ukianza kazi meza inacheza. Mara ya tatu akaikumbuka mizani ya sokoni. Uzito ukiwa sawa huku na huku, si kidole kinatosha? Basi akasimamisha nguzo mbili nene, kila moja bomba ndani ya bomba. Akapitisha waya wa chuma juu ya magurudumu madogo, na kule nyuma akaning'iniza sanduku la bati lenye mchanga wa Mto Morogoro, uzito wake sawasawa na wa meza. Chini akaweka pedeli kama ya cherehani. Ukiikanyaga, meza inakuwa huru na unaisogeza juu au chini kama unafungua dirisha. Ukiiachia, inang'ata palepale. Hapo Zain hakucheka. Aliipandisha na kuishusha, kuipandisha na kuishusha, akasahau hata swala ya alasiri.

"Sasa nipe vipimo," Halidi akasema.

Zain akamletea ubao mwembamba wenye mistari miwili ya penseli. Wa juu ulikuwa kiwiko chake, wa chini kiwiko cha mkewe. Cha mkewe alikipima kwa kumnyemelea kazini, mama wa watu akiwa amezama kwenye chaki zake, maana alitaka kumshtukiza.

Hakumshtukiza. Mvua za masika zilikuwa bado zinanyesha pale moyo wake uliposimama, na meza iko nusu. Rizwana akaingia eda. Halidi akaendelea na kazi, kwa sababu ahadi ya marehemu ni deni. Lakini mwanamume asiye ndugu aende kubisha hodi kwa mjane aliye ndani ya eda, eti nionyeshe kiwiko chako kinafika wapi? Thubutu! Hata kumtuma mtu aliona haya. Akauamini ubao.

Eda ilipokwisha, Rizwana alirudi karakana na kukuta majoho ya chuo yanasubiri kukatwa. Akapanda kreti, akashika mkasi wa Zain. Kuchora chaki unaweza kusimama mahali pamoja, ila mkataji huizunguka meza. Akawa anakata kidogo, anashuka, analisukuma kreti kwa mguu, anapanda, anakata kidogo, anashuka. Akachoka, akaliacha. Akawa anakata kwa kusimama chini, viwiko viko juu kama mtu anayeogelea. Kufikia jioni kidole cha mwisho na jirani yake vilikuwa vimekufa ganzi. Mkasi ulimdondoka naye akaendelea kuupeleka mkono mbele, hana habari. Rosa ndiye aliyeuokota.

"Mama, mkono huo vipi?"

"Sawa."

Daktari alimweleza waziwazi kuwa akiendelea kuukunja mkono hivyo, siku moja utakataa kazi kabisa. Akamjibu sawa, akashukuru, akarudi kukata vilevile.

Ndipo Yusuph, mdogo wake Zain, akaja kutoka Dar. Alisimama mlangoni, kichwa kinagusa fremu, nyuma yake milima ya Uluguru imejifunika ukungu.

"Shemeji," akasema, "karakana bila mkataji ni chumba tu. Na mkono wako huo unaumwa. Jumamosi nakuja na gari. Utakuja kukaa na sisi, wajukuu zangu watakuchangamsha. Hiki chumba tutampa mtu auzie simu. Unasemaje?"

Alisema nini? Mnajua alichosema. Rosa alibamiza cherehani kwa kiganja. "Mama! Mtu anakuhamisha kama kabati na wewe unaitikia!" Rizwana alimsikia. Alijua pia kwamba akitoka kwenye chumba kile hatarudi, na kwamba kazi ndicho kitu pekee kilichombakia. Alilijua hilo kama unavyojua kuwa nje kunanyesha na wewe umelala. Hakutaka kwenda Dar. Hakuiona tu nguvu ya kusema hataki.

Siku mbili kabla ya Jumamosi, Halidi akaja na meza juu ya guta la magurudumu matatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Meza yako. Marehemu ndiye aliyeagiza."

Rizwana akaitazama kama mtu anavyotazama gari la jirani. "Ya kupanda na kushuka," akasema baada ya kuelezwa. "Ipande kwa nani, Halidi? Aliyebaki ni mmoja." Halidi akajifanya anafuta vumbi. Wakaitoa ile ya zamani, wakaingiza mpya. Akamwonyesha pedeli. Rizwana akakanyaga, akasukuma kwa vidole, na meza ikashuka kimya, laini, mpaka chini kabisa.

Chini kabisa palikuwa kifuani mwake.

Halidi akakanyaga mwenyewe, akasukuma, akachungulia uvunguni. Hakuna kilichokwama, ndio mwisho wake. Akatoka jasho. Akaenda kwenye guta, akarudi na ule ubao. "Vipimo alinipa mwenyewe, mama, mistari hii hapa. Rosa, hebu msimamishie." Rosa akausimamisha ubao ubavuni mwa Rizwana. Mstari wa chini, ulioitwa kiwiko cha mama, ulikuwa karibu na bega.

"Huyu si yeye," Rosa akasema. "Hapa alipimwa mtu mwingine." Kisha akalivuta lile kreti kwa mguu. "Hebu panda, mama."

Rizwana akapanda. Mstari ukatua kwenye kiwiko chake, pale penyewe hasa.

Halidi akaangalia pembeni. Rosa, ambaye hawezi kukaa na jambo, akanong'ona kwamba kweli kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Rizwana alibaki juu ya kreti, akautazama ule mstari.

"Zain!" akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lile tangu msiba. "Zain, mwanaume wewe! Miaka yote hiyo! Umekula na mimi, umelala na mimi, umenizikia wazazi wangu, na hujui kimo changu! Umenipima na kreti! Ulidhani nimezaliwa nalo miguuni?" Akashuka, akalipiga teke, likaenda kugonga ukuta. "Na umekwenda zako! Nani sasa nimwambie? Eh? Nani nimgombeze?"

Alikuwa amekasirika hasa, amekasirika mpaka masikio yanawaka moto. Alimchukia Zain na alimtaka pale saa ileile, asimame mlangoni ameinama, amwombe radhi.

Halidi alingoja mpaka Rizwana akatulia. "Mama, inarekebishika. Ziko njia mbili. Nikujengee jukwaa la mbao kuizunguka meza yote, utembee juu yake. Meza ibaki ilivyo, ifike juu na chini kama alivyotaka marehemu. Au niyakate mabomba. Ila nikikata chini, na juu panapungua. Haitafika tena kwenye mstari wake."

"Jengo la mbao kuzunguka meza," Rizwana akasema polepole. "Yaani kreti kubwa."

"Ndiyo, mama. Kreti kubwa."

Rizwana akaushika ubao. Akaupitishia kidole mstari wa juu, pale palipokuwa kiwiko cha mumewe, penseli imekandamizwa kwa nguvu kama alivyokuwa akikandamiza kila kitu. Rosa akaogopa kwamba atajibu sawa.

"Kata," akasema.

Halidi akaifungua meza, akalilaza bomba la kwanza kwenye benchi, akatoa msumeno wa chuma. Bomba likawa linateleza. Rizwana akasogea, akalishika kwa mikono miwili, akaliegemea kwa uzito wake wote, na msumeno ukaanza kulia. Machozi yalimtoka hapo, bila haya, yakidondokea chuma chenyewe, naye hakuachia mkono hata kuyafuta. Walikata yote namna hiyo. Rosa alifunga mlango wa mbele, akamwambia mteja aliyekuwa anabisha kwamba leo tuna msiba.

Jumamosi Yusuph alifika na gari, kama alivyosema. Alikuta mlango uko wazi, kitambaa cheusi kimetandazwa meza nzima, na shemeji yake anaizunguka na mkasi, miguu peku, mabega yametulia.

"Shemeji, hata mizigo hujafunga?"

"Siendi, Yusuph. Nilikuitikia, nilikosea, nisamehe. Vua viatu, usinichafulie kitambaa."

Yusuph akavua. Akasogea, akaegemea meza, na mgongo ukapinda. "Mbona fupi hivi?" Rosa akamwonyesha pedeli. Akakanyaga, akainua, meza ikapanda na kitambaa chake chote mpaka ilipogota. Bado ilikuwa chini sana ya kiwiko chake, na kiwiko chake kilikuwa kiwiko cha kaka yake. Akaisukuma tena.

"Haipandi zaidi?"

"Haipandi."

"Kaka asingeweza kukatia hapa," akasema Yusuph. "Alikuwa mrefu mno."

"Alikuwa mrefu," Rizwana akasema. Akakanyaga pedeli, akairudisha meza chini, akaokota mkasi. "Toa mkono hapo, baba. Nakata."