Mtoto wa Zamu

Kibonge alipotimiza mwaka na miezi mitano, mama yake alishuka kutoka ghorofa ya tatu, akaketi jikoni kwangu na kuniomba nisimguse tena mwanawe.

Hakuanza hivyo. Alianza na habari njema: tasnifu imepita, yamebaki masahihisho madogo, na ile kazi ya huko mbali aliyoiomba ameipata. Baada ya wiki mbili anahama. Nilitaka kupiga kigelegele nikakumbuka watoto wamelala. Nikamkumbatia, nikamtilia chai. Akaikoroga kwa muda mrefu, chai ambayo hajaitia sukari, na hapo nikajua kuna jingine.

"Mama Chiriku," akasema, "akiamka usiku ananisukuma. Analilia aje kwako."

Chiriku ni binti yangu, tumempa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake. Kibonge ni wake yeye. Ila kwa mwaka mzima, mtu aliyewaona wale wawili wakigombania kijiko jikoni kwangu angesema wametoka tumbo moja.

Tunakaa kwenye nyumba za wanafunzi wa shahada za juu wenye familia. Mume wangu anasomea ujenzi wa madaraja. Mimi nilimfuata na mtoto mgongoni na begi moja, na masomo niliyoyaacha njiani sasa nayamalizia kwenye darasa la jioni. Ukiingia mlangoni, kando ya masanduku ya barua kuna ubao. Ndio uliotufundisha kuishi hapa: siku ya kliniki, stoo ya kuazima vitanda vya watoto, na zamu ya kulea. Zamu maana yake unajiandikisha saa ulizo huru, unamlelea mwenzio, naye anakulelea.

Msimamizi wa zamu tulimwita Mama wa Fomu, maana hata ukimsalimia tu unaondoka na karatasi ya kujaza. Alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza. Mtoto azungushwe. Mwezi huu nyumba hii, mwezi ujao nyumba nyingine, asimzoee mlezi mmoja. Sisi tulicheka. Tulisema huyu mama hana kazi, anatutungia sheria.

Mama yake Kibonge alikuwa anasomea udongo, na kwenye chumba cha kufulia wanawake walimtania kila siku. Daktari wa Matope, walimwita. Mtu mzima, shahada mbili ukutani, bado anachezea matope. Naye alicheka kuwashinda, akawajibu kwamba mwanawe akianza kucheza matope wasimkemee, atakuwa anasoma. Mumewe alikuwa kazini nchi nyingine. Alikuwa peke yake na mtoto wa miezi mitano, na maabara inamtaka kutoka asubuhi mpaka jioni.

Kibonge akakataa chupa. Nyumba ya kwanza walimrudisha amekauka sauti kwa kulia. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu ilikuwa yangu. Siku hiyo alilia mpaka midomo ikabadilika rangi, na Chiriku wangu alikuwa bado ananyonya. Sikufikiri. Nilimpa ziwa, akanyamaza, akanishika kidole.

Jioni nilimweleza mama yake. Akakaa kwenye ngazi akalia, kisha akasema, "Basi hawa ni ndugu. Wamenyonya ziwa moja."

Tangu siku hiyo hakuzungushwa tena. Kila mwezi tulijaza fomu na kuandika jina la jirani mwingine, jirani naye akatia sahihi kwa mtoto ambaye hakumwona. Tulijiona wajanja. Jumamosi huyo Daktari wa Matope alikuja kunifundisha hisabati kwenye meza yangu ya jikoni, kucha zake bado zina udongo, na mtihani wa kwanza niliufaulu kwa sababu yake. Kwa hiyo aliponiomba, ningekataa kwa mdomo upi?

Kuna jambo sikumwambia. Kibonge alipiga hatua zake za kwanza kwangu, kutoka mguu wa meza hadi kwenye ndoo. Nilimbeba haraka nikamkalisha chini, kana kwamba nimeona cha mtu bila ruhusa. Siku tatu baadaye akatembea mbele ya mama yake. Nilisikia ukumbi mzima ukiitwa uje kuona. Nikapanda, nikapiga makofi, nikashangaa pamoja na wengine.

Pale mezani akanieleza mpango wake. Wiki hizo mbili hatatoka. Masahihisho atayafanya mtoto akilala. Mimi nisipande, wala nisionekane kwenye ukumbi, mpaka Kibonge azoee mikono ya mama yake kabla hawajaenda pahali ambapo hatanipata hata akilia.

"Hata kumuaga?"

"Hasa kumuaga," akasema. Kisha akaniangalia. "Niambie kama nakosea."

Nilitamani kumwambia anakosea. Nikamwambia hakosei.

Siku ya kwanza Kibonge alilia kutoka saa nne asubuhi mpaka saa saba. Dirisha letu la bafuni na lao yanatazama uwazi mmoja wa mabomba, sauti inashuka kama mko chumba kimoja. Nilifungulia maji nisisikie. Mwili ulisikia. Chiriku nilikuwa nimeshamwachisha, maziwa yaliyobaki yalikuwa ya Kibonge peke yake, na kila alipolia gauni langu lililowa kifuani. Bibi mmoja aliyekuja kumlelea bintiye mjukuu alinifunga kitambaa kwa nguvu akaniambia yatakauka, mwili hauna ubishi.

Nikaanza kutumia ngazi za nyuma. Kufua nikahamishia saa ambazo yeye hafui. Chiriku alikaa mlangoni.

"Kibonge yuko wapi?"

"Kwa mama yake."

Alinitazama juu hadi chini, akasubiri nimweleze vizuri zaidi.

Mume wangu alijaribu. Aliniambia mtoto wa watu ni wa watu, nami nikamwambia najua. Halafu yeye mwenyewe, akipakua chakula, akatoa vile visahani viwili vidogo. Akakishika kimoja kwa muda, akakirudisha kabatini.

Siku ya tano kilio kilikuwa kifupi. Siku ya nane, nikiwa nasugua beseni, nikasikia kicheko. Kile cha kwake, kinachoanza na kwikwi. Mama yake alikuwa anamwimbia jambo la kipuuzi, naye anacheka. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Kisha nikakaa sakafuni bafuni mpaka Chiriku akaja kunivuta mkono.

Siku ya kuhama nilijificha chumba cha kufulia. Nilipanga kutoka teksi ikishaondoka. Ila mlango wa mbele ulizibwa na kochi la familia inayohamia, ikabidi Daktari apite nyuma, na nilipofungua mlango tukakutana uso kwa uso kwenye ukumbi mwembamba.

Kibonge alikuwa kiunoni mwake, na kofia mpya. Akanitazama.

Nilisimama tu. Sikutabasamu, sikumwita. Kitambaa kilikuwa kimefungwa na bado nilisikia maziwa yakishuka. Akakunja uso, kama mtu anayetafuta pahali alipoweka kitu. Kisha akageuka, akaficha uso shingoni mwa mama yake na kushika ukosi wa nguo yake kwa vidole vyote. Ndivyo alivyojificha shingoni mwangu wageni walipobisha hodi.

Daktari akaanza kulia. Mwaka mzima hakuwahi kuniita kwa undugu, siku zote Mama Chiriku.

"Mchukue," akasema. "Mchukue kidogo tu, dada."

Akamnyoosha kwangu. Miguu yake ile minene ikaning'inia kati yetu, naye akaanza kujipinda kumrudia mama yake. Nilijua nikimpokea atanusa, na akinusa atakumbuka, na siku zote kumi na nne zitakuwa bure.

"Mikono yangu ina sabuni," nikasema.

Daktari aliitazama mikono yangu. Ilikuwa mikavu. Akamrudisha kiunoni, akamwekea kofia vizuri, akapita.

Nilisikia mlango wa teksi ukifungwa, nikasikiliza mpaka gari likakata kona.

Hakulia.