Aliyelazwa Bila Kaburi

Ukame wa 2009 ulimwachia Mzee Koinet ng'ombe wawili tu, nao kila asubuhi walitaka kuinuliwa kwa mikono. Yeye alishika mkia, binti yake Nashipae akashika pembe, na mkwewe Mulei, Mkamba wa machimbo ya mawe hapo Kitengela, akasukuma ubavuni.

Jumapili hiyo mmoja alisimama. Wa pili alikataa. Wakaketi kando yake, hoi, na kwa vile hakuna aliyebaki na nguvu za kufika kanisani, Nashipae akafungua Biblia pale pale vumbini. Akasoma habari za waliomo makaburini, jinsi watakavyoisikia sauti ya Bwana na kutoka, kisha habari za nchi mpya.

Mzee alikuwa abatizwe Jumapili iliyofuata. Sasa akasema habatizwi.

Mulei akamtania kwamba ameogopa maji kwa kukaa siku nyingi bila kuyaona. Mzee hakucheka. Akaeleza polepole kwamba mamake hakuzikwa. Enzi zile watu hawakuchimbiwa. Alipakwa mafuta, akalazwa kichakani na nyasi mbichi mkononi, fisi wakaja. Na jina lake halijatajwa tangu siku hiyo, maana kwao jina la aliyekufa halitajwi.

"Hiyo sauti itaita kaburi gani?" akauliza. "Mimi nitoke niende kwa hiyo nchi mpya, yeyo abaki tumboni mwa fisi? Mama yangu? Sitaki."

Nashipae akapekua kurasa, hakupata. Akafunga kitabu. Akasema nchi yote itafanywa upya, vumbi hili, hata fisi. Na aliyemfinyanga mtu kwa udongo hahitaji kuonyeshwa kaburi.

"Umesoma hapo?"

"Hapana, Baba. Hiyo nimesema mimi."

Ng'ombe akapumua, akaacha, akapumua tena.

"Kokoo, huyo bibi yangu, aliitwa nani?" Nashipae akauliza. "Hatujawahi kumwombea, hatuna jina lake."

Mulei akainamisha kichwa. Hata yeye alijua hilo haliulizwi.

"Noonkishu," mzee akasema, kama mtu anayechomoa mwiba. Akangoja, labda jambo baya lije. Halikuja. Akalitaja tena, kwa nguvu kidogo.

"Nitaingia kwa hayo maji," akasema. "Lakini nikifika huko nisimwone, nitauliza."

"Uliza, Baba. Tutauliza na wewe."