Nyuzi Nene za Mzee wa Posta

Tangu mkewe afariki, Mzee wa Posta alikuwa akizungumza na redio, nayo haikuwa na adabu ya kumjibu. Asubuhi moja upweke ukamfika kooni. Akaifunga mandolini ya marehemu, kigitaa chake cha nyuzi nane, ndani ya shuka, akaipeleka kwa fundi wa ala za muziki. Alitaka jambo moja tu: nyumba ile isikie tena mlio wake mkubwa wa miaka ya mwanzo. Akaagiza nyuzi nene kuliko zote, zilezile alizomnunulia mkewe kila mwaka kwa kujidai.

Fundi, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliweka rula juu ya shingo ya mandolini, akamwita aone. Mwanga ulipenya chini ya rula; shingo ilikuwa imepinda. Akamweleza taratibu kwamba ala za zamani hizi hazina chuma ndani ya shingo, ni mti mtupu unaovutwa na nyuzi nane. Nyuzi nene zikikazwa, kifua chake, ule ubao wa mbele, kinabonyea, mwishowe kinapasuka. Inafaa kufungwa nyuzi nyembamba, na mlio wake utakuwa mdogo.

Kisha akagusa nyuzi kuukuu zilizokuwamo, akakunja uso. Zote zilikuwa zimelegezwa, jozi kwa jozi, kwa kipimo kimoja.

"Aliyekuwa anaipiga alijua, baba. Alizishusha makusudi. Angezikaza inavyotakiwa, leo ungeniletea kuni."

Mzee akatafuta stuli, akakaa. Miaka yote ile mandolini ilipoanza kunguruma chini chini, na mkewe naye akashusha sauti aifuate, yeye ndiye aliyemtania kwamba anaimba kama dume lenye mafua. Mkewe alicheka, akasingizia umri. Kila mwaka alipokea pakiti ya nyuzi nene, akashukuru, akazifunga kwenye mandolini na kuzilegeza.

"Kwa nini hakuniambia?"

Fundi akaendelea kufungua nyuzi kuukuu.

Mzee alichagua nyembamba bila ubishi. Nyumbani akaketi kitandani, upande wa mkewe, akavuta uzi mmoja, maana kupiga hakujua. Mlio ulikuwa safi, lakini haukufika hata jikoni.

"Nisamehe, mke wangu," akasema.

Akatega sikio, kana kwamba mkewe angemjibu. Halafu aibu ikamshika, na uchungu ukamzidi, kwa sababu mtu pekee aliyestahili kuombwa radhi ndiye aliyekuwa amekwenda.