Giaboksi ya Mzee Amur

Watu wa Chake Chake walikubaliana zamani kwamba Mzee Amur ni muongo, na walimpenda kwa hilo, maana muongo mzuri hufupisha jioni. Alidai ujanani alishindana mbio za magari huko Bara, zile za kwenye matope, na kwamba lile gari lililolala bandani kwake, kuku wakitagia kiti cha nyuma, ndilo aliloendesha kwenye mbio hizo. Barazani walimwitikia "Naam, bingwa" na kumtilia kahawa nyengine ili azidishe. Alipofariki walimwombea kila la kheri ila kuaminiwa tu.

Mkewe, Bi Thuraiya, naye alikuwa akicheka nao. Lakini kumcheka mume aliye hai ni mapenzi, kumcheka maiti ni jambo jengine. Eda ilipokwisha akajikuta hawezi tena kusikia neno bingwa bila ya roho kumchoma. Akataka kujua jambo moja tu, kama aliishi na mkweli au na mzushi.

Shemegi yake, Nizar, hakuona la kujua. Huyu bwana ndiye aliyempa kaka yake jina la bingwa, na kwa jitihada zake likakaa mjini kote. Sasa alitaka gari liende kwa wanunuzi wa chuma chakavu, banda lipumue. Bi Thuraiya akamwambia asubiri fundi aifungue giaboksi, kwa kuwa marehemu kila alipobanwa aapie ukweli wake aliapia hiyo. Ikiwa ya kawaida, gari liondoke na yeye atanyamaza. Ikiwa ya mashindano, Nizar atasimama barazani baada ya sala ya alasiri na kuwaambia wote kwamba kaka yake hakusema uongo. Nizar akakubali kwa ukarimu wote wa mtu asiyeweza kushindwa.

Lakini uko uongo mmoja wa Mzee Amur ambao Bi Thuraiya hakuwahi kuucheka mbele za watu. Alipoolewa, bwana alimpokea Mkoani kwa gari hilo hilo. Yeye bibi harusi, kajifunika buibui, macho chini kama alivyofunzwa. Gari lilipotaka kuondoka, mkono wa bwana ukaja kushoto ukatua gotini pake. Akauliza kwa sauti ndogo, nini tena hichi? "Gia ya kwanza hiyo," bwana akajibu, uso mkavu. Mkono ukakaa pale mpaka Mtambile, mwendo wa maili kadhaa. Miaka yote waliyopanda gari lile jibu lilikuwa hilo hilo, na Bi Thuraiya hakuona haja ya kuitazama gia yenyewe. Mwengine yeyote hakuruhusiwa kuliendesha, kwa hiyo hakukuwa na shahidi.

Fundi aliyeitwa ni Zubeir wa njia ya Wesha, mtu mwema mwenye ila moja, hajakutana na kitu asichokijua. Akaiteremsha giaboksi, akaifungua, akasikitika. Meno ya gia yamenyooka kama ya kitana, ilhali ya gari za watu wazima hukatwa mshazari. Akasema ndiyo maana gari lilikuwa likilia, hii kachonga mhuni. Kisha akazitoa zile pete za meno zinazoishika gia isichopoke, akazikuta mapengo matupu. Nizar, aliyekuwa amesimama pale kwa bahati mbaya tu kila siku, akafurahi mno. "Pole shemegi," akasema. "Kumbe bingwa alikuwa kibogoyo."

Bi Thuraiya akaingia ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Iliuma. Aliona aibu kwa niaba ya mtu asiyeweza tena kujitetea.

Zubeir akafanya kama kila fundi wa kisiwa hiki afanyavyo. Hapa chuma hakitupwi. Sufuria huzibwa, jembe huungwa, na jino la gia likivunjika hujazwa jengine. Akazipeleka pete Mkoani kwa Vuai, fundi wa kuchomelea, naye akaziziba pengo baada ya pengo, kazi safi mpaka utamani kuivaa. Ikabaki pete moja, waya wa kuchomelea ulimwishia. Zubeir akaifunga giaboksi juu ya meza, akaijaribu. Gia ikakataa kuingia. Akalaumu oili. Akabadilisha oili, ikakataa. Akalaumu beringi. Mwisho akamlaumu shetani, ambaye Pemba huwa hakosi kazi.

Alipochoka kulaumu ndipo akaifungua tena, akaitazama ile pete isiyozibwa. Akaipitishia kidole. Jino, pengo, jino, pengo, mzunguko mzima. Akakaa chini. Meno ya kuvunjika hayavunjiki kwa zamu.

Akaenda kwa Bi Thuraiya na pete imefungwa kitambaani, kanywea kama kuku wa mvua. Akamweleza kwamba meno yale yalipunguzwa makusudi, ili gia iingie kwa mara moja bila ya kungoja, na kwamba hakuna mwenye gari la kwenda sokoni anayefanya vile. "Hii ya mashindano, Bi. Na ushahidi wake ndio mie nilokwenda kuuziba."

"Basi kauzibue," akasema Bi Thuraiya.

Zubeir akalitoa kila jino la Vuai kwa tupa, kwa mkono tu, hakuthubutu kutia mashine. Akaifunga tena. Safari hii gia ziliingia kama zimeitwa, ila pahala pa gia ya kwanza palitoa rivasi. Fundi wa jana angesema mhuni kakosea. Fundi wa leo alikuwa ameshaonja aibu, akafikiri kwanza. Kwenye mbio, dereva kutwa nzima yumo baina ya ya pili na ya tatu, kwa hiyo hizo huwekwa mstari mmoja, na ya kwanza husukumwa pembeni.

Giaboksi ikarudishwa mahala pake, gari likatoka bandani, kuku wakihama kwa manung'uniko. Zubeir kwenye usukani, Bi Thuraiya kushoto kwake, Nizar nyuma kwenye kiti chenye harufu ya kuku. Zubeir akaeleza yote tangu mwanzo, meno yaliyonyooka, pete zilizopunguzwa meno. "Na gia ya kwanza hii hapa," akasema, akaivuta fimbo kushoto, nyuma, mpaka kirungu chake kikasimama ubavuni mwa goti la Bi Thuraiya.

Nizar akakohoa. Akasema haya, keshasikia, leo leo atakwenda barazani, mtu mzima akikosa hukiri.

Bi Thuraiya ameshinda, na amekaa kama aliyefiwa upya. Mumewe alikuwa mkweli kwa kila kitu, hata kwa lile moja ambalo mkewe aliliombea liwe uongo. Ilikuwa gia tu. Miaka yote ile, gia.

Gari likaondoka, likilia hata watu wakatoka milangoni. Halikufika hata ukuta wa jirani, Zubeir akaisukuma fimbo mbele, ikaenda zake mbali na goti. Bi Thuraiya akaifuata kwa macho.

"Zubeir, mwanangu. Ya kwanza unaiacha upesi hivi?"

"Papo hapo, Bi. Ya kuondokea tu hiyo."

"Mtu hawezi kutoka nayo Mkoani mpaka Mtambile?"

Zubeir akacheka. "Labda awe anataka kuiua injini."

Bi Thuraiya akajiziba mdomo kwa mtandio, lakini kicheko kikampita. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Nizar kule nyuma akauliza kulikoni.

"Ndugu yako alikuwa muongo," akasema. "Alhamdulillahi."

Nizar akachanganyikiwa, akauliza sasa barazani akaseme nini.

"Kaseme alishindana. Hili jengine langu mie."