Nyama ya Daftarini

…karatasi hiyo, anaisikia inafunguliwa polepole jikoni, saa sita hii ya usiku, kumbe mumewe hajalala, na nyumba hii ina nini cha kusomwa zaidi ya daftari la watu wa takwimu, lile la kuandika kila kilichonunuliwa mwezi mzima, na yeye amelala ubavu, titi mdomoni mwa mtoto, hawezi kuinuka… mwezi wa kwanza aliandika kweli tupu, unga, chumvi, nusu mche wa sabuni, karani akapitisha kalamu akauliza, "Maziwa hamnunui, dada?" kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma, binti wa rika lake, kidato cha nne kama yeye, viatu safi, basi mwezi wa pili akaandika maziwa, akaandika nyama kila Jumamosi, tena bei hakubuni, alikwenda buchani kuuliza, hadi muuza nyama akamtania, "Shemeji, leo tena umekuja kuisalimia?"… karani akanakili yote akaenda nayo, halafu jana redio, matumizi ya kaya yamepanda mwezi huu, na nani kayapandisha kama si yeye, nchi nzima sasa inajua watu wanakula, watakuja kuulizia hiyo nyama, watamchukua, mtoto abaki na nani… hatua, godoro linazama, harufu ya chuma kilichochomelewa mchana kutwa, "Mke wangu," chini chini, "nyama hii tuliila lini?" naye anamvuta mtoto karibu zaidi, "Kilo mbili," anasema mume, "na mimi nashinda na njaa, kumbe nimeshiba," anacheka, au si kicheko, mkono wake unapapasa gizani unatafuta mguu wa mtoto, "Karakanani huwa sili mchana, nakwambia nimekula ili usinibakizie chako"… ala, kumbe wote wawili, mmoja kwa kalamu, mwingine kwa mdomo, mwezi mzima wanadanganyana shibe, na ile hofu iliyomkaba tangu jana inakosa pa kushika, pumzi inashuka hadi tumboni, mume anasema, "Kesho karani akija tumwambie," "Tumwambie nini?" "Kwamba hatukula. Nitakaa na wewe, kazini nitachelewa," "Na mama yako akisikia?" "Mama akisikia, si mtaa mzima utasikia? Karani tu," na mtoto bado ananyonya, hana habari, karani tu, anaitika, sauti yake mwenyewe anaisikia imetulia, karani tu, mtu mwingine simwambii.